Jua Linasingiziwa

Nenda gereji yoyote, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukiwa na gari lililochemsha. Kabla fundi hajagusa feni wala kuangalia mfuniko wa rejeta, hukumu imeshatoka: "Bosi, hapa tunatoa themostati. Hii ni ya nchi za baridi, sisi huku kwetu joto." Rudi mwezi unaofuata ukilalamika kwamba injini inagonga asubuhi, utapewa hukumu iliyo ndugu yake: "Weka oili nzito. Hii nyepesi ni ya Wajapani, kwao kuna theluji." Na ukithubutu kuulizia kulanti, utaambiwa hiyo ni dawa ya kuzuia maji yasigande, na tangu lini maji yakaganda Mbagala?

Hukumu hizo tatu zimekuwa sheria isiyoandikwa. Madereva wa teksi wanarithishana, wauza spea wanazithibitisha, na wenye magari waliosoma hadi vyuo vikuu wanazirudia kwenye vijiwe vya kahawa bila kuuliza swali hata moja. Injini ikinoki, hakuna anayezishuku. Lawama wanabebeshwa Wajapani, au "injini za siku hizi", au jua letu kali.

Mimi nasema jua linasingiziwa. Hoja ya "nchi ya joto" haisimami popote unapoigusa, na tiba zake tatu zinaleta kelele na vifo vilevile vya injini ambavyo inadai kuvizuia.

Tuanze na hiyo baridi ya Japani. Mchana wa Agosti, joto la Tokyo hufika wastani wa nyuzi 31 hivi, karibu sawa na Dar es Salaam ya Januari. Nairobi haifiki hapo hata mwezi Februari. Julai 2018, mji wa Kumagaya ulio jirani na Tokyo ulifikia nyuzi 41.1, joto ambalo Dar es Salaam hailijui. Vitz na IST za watu wa Kumagaya zilipita kiangazi hicho zikiwa na themostati zake ndani, na baadhi yake huenda leo zinabeba abiria Tabata. Kama Japani haitoshi, vuka bahari uende Ghuba. Dubai ya Julai na Agosti huzidi nyuzi 40 mchana, tena kwa wiki nyingi mfululizo, na Land Cruiser za huko zimefungwa themostati kiwandani kama za kwingine. Toyota haijatengeneza gari la jangwani lisilo na kifaa hicho.

Halafu, nchi ya joto ni ipi hasa? Anayesema maneno haya ana Dar es Salaam na Mombasa kichwani. Njombe mwezi Julai watu wanaamka na makoti mazito. Limuru vilevile, na Kabale kule Uganda vilevile. Lakini fundi wa Njombe, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi ya alfajiri, naye anakitoa kifaa na kukitupa kwa sababu "nchi yetu ya joto". Hapo unaona kwamba hoja hii haijatokana na kupima kitu chochote. Ni kauli ya kukariri.

Sasa tukitazame chenyewe hicho kifaa kinachotupwa. Themostati inaenea kiganjani. Ni kisahani cha chuma chenye springi na kopo dogo la shaba katikati, na ndani ya kopo kuna nta. Ukingoni kumegongwa namba, mara nyingi 82. Maana yake ni kwamba maji ya injini yakifika nyuzi 82, nta inaanza kuyeyuka na kutanuka, inasukuma kisahani, njia ya kwenda kwenye rejeta inafunguka. Yakikaribia 95, njia iko wazi kabisa. Yeyote anaweza kuijaribu jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi, washa jiko, tazama. Maji yakiwa vuguvugu haifanyi lolote. Yakikaribia kutokota, kisahani kinanyanyuka taratibu hadi uwazi unaonekana kwa macho. Ikigoma kunyanyuka, imekufa. Jaribio lote ni la dakika chache, lakini ni wangapi wamewahi kumwona fundi akilifanya kabla ya kutoa hukumu?

Hapo ndipo hoja inapoanguka kwa kishindo. Gari linapopanda Kitonga limejaa mizigo, mchana wa jua kali, themostati nzima imefunguka yote. Haizuii kitu, maji yanakwenda kwenye rejeta kwa nguvu zote za pampu. Kuitoa hakuongezi ubaridi wowote wa maana saa ile unayouhitaji. Kazi yake halisi ni saa nyingine: asubuhi injini inapowashwa, usiku barabarani, na wakati wa kuteremka mlima. Ni kazi ya kuiwahisha injini kufika kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Ikikwama ikiwa imefungwa, kweli gari litachemsha, na dawa yake ni kununua nyingine nzima. Feni ikiungua watu hufunga feni nyingine. Kwa themostati tu ndipo kuharibika kunageuzwa kuwa ushahidi kwamba haikuhitajika.

Injini ina hali ya hewa yake. Mlipuko ndani ya silinda huzidi nyuzi 2,000, na kazi ya mfumo mzima wa kupoza ni kuhakikisha chuma kinachouzunguka mlipuko huo kinabaki kwenye joto moja, awe dereva yuko Tanga au Hokkaido. Sikatai kwamba hewa ya moto inaipa rejeta kazi zaidi. Ndiyo maana rejeta iliyoziba hujificha Arusha na kuumbuka Dar es Salaam. Lakini hiyo ni habari ya rejeta. Hali ya hewa ya nchi inaishia kwenye shoo ya gari; kuanzia hapo kwenda ndani, injini inaishi kwa nyuzi zake themanini na tisini.

Ukiiondolea kifaa kinachotunza joto hilo, unapata nini? Kompyuta ya gari inasoma maji kuwa ya baridi na kudhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, inaifanya oili iwe majimaji. Mvuke wa maji, ambao ni zao la kawaida la kuungua kwa mafuta, haupati joto la kutosha kukauka. Unachanganyika na oili na kuacha ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kumiminia. Ringi zinalika, metali za krankishafti zinalika. Mwenye gari anaona mshale wa joto umelala chini na kushukuru Mungu kwamba gari halichemshi tena. Kwenye Vitz na Passo nyingi hata mshale haupo, kuna taa tu, ya bluu kwa baridi na nyekundu kwa hatari. Ile ya bluu ikiwaka tena njiani unapoteremka Sekenke, injini inakulalamikia. Wengi wanaisoma kama pongezi.

Zaidi ya hapo, zipo injini nyingi ambazo themostati yake ina sahani ya pili, ya kuziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Gari likifikishwa Kitonga katika hali hiyo, linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Vitabu vya mafundi vya Toyota vimeonya jambo hili kwa maneno ya wazi: usiitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu kuitoa kunapunguza uwezo wa kupoza. Waliotengeneza injini wamesema hivyo. Sisi tunasema wanaongelea baridi ya kwao.

Tuje kwenye maji. Hapa upande wa pili una hoja moja ya kweli, nami naikubali: maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti. Lakini kubeba joto si kazi pekee. Maji ya bomba, na zaidi yale ya visima vya Dar es Salaam yenye chumvi, yanakula chuma. Fungua pampu ya maji ya gari lililokunywa maji ya kisima kwa miaka kadhaa. Utakuta mapanga yake yamelika ncha, sili imeacha michirizi ya kutu, na nyuma yake kuna tope la kahawia unaloweza kulichota kwa kidole. Tope hilohilo limejaa kwenye vitundu vyembamba vya rejeta. Land Rover za zamani, zilizokuwa na bloku na silinda hedi za chuma kizito, zilivumilia mateso hayo kwa muda mrefu. Bloku ya IST, Vitz au Premio nyingi ni ya aluminiamu, ambayo inachimbika taratibu kutokea ndani hadi siku gasketi inapopitisha maji kwenye silinda.

Na kulanti haizuii kuganda tu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, na ukiwa chini ya mgandamizo wa mfuniko wa rejeta ulioandikwa 1.1 unakaribia 130 kabla ya kutoa povu. Maji matupu, usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 100. Nairobi au Mbeya, miinuko ya mita 1,700 hivi, yanachemka kwa nyuzi 94. Sasa weka mambo matatu pamoja. Mfuniko wa rejeta umechoka, mpira wake umekatika, haushiki mgandamizo. Ndani kuna maji matupu. Gari liko Mbeya. Maji yatatokota kwa nyuzi 94, kabla hata themostati haijamaliza kufunguka kwenye 95. Fundi anaona mvuke, anaona themostati haijafunguka yote, anaing'oa na kukuonyesha mkosaji. Mkosaji wa kweli, kile kifuniko cha bei ndogo, kinarudishwa mahali pake na kukazwa vizuri.

Sasa kelele, maana ndicho kilio kikubwa cha wenye magari. Injini inatoa kelele za aina nyingi, na kila moja ina maana yake. Kuna mkwaruzo wa sekunde chache asubuhi inapowashwa kisha kimya: mara nyingi hiyo ni cheni ya taimingi kabla tensheni yake haijapata oili. Kuna mdundo mwepesi wa juu, unaokwenda haraka kama cherehani: tapeti, au kiwango cha oili kimeshuka. Kuna mluzi wa mbele unaopanda na mzunguko wa injini: beringi ya pampu ya maji au ya altaneta. Na kuna ule mlio mzito wa kugonga wa chini, unaokuja ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia: metali za koni rodi zimelika, na nafasi iliyobaki inaruhusu chuma kugonga chuma. Fundi makini anaweka bisibisi ndefu kwenye bloku, mpini sikioni, na kuhama hatua kwa hatua hadi kelele inapokuwa kali. Kisha anafungua swichi ya oili, anafunga geji, anasoma mgandamizo. Ni vitendo viwili tu, na havihusiani kabisa na hali ya hewa.

Badala yake tunaambiwa "oili nzito". Hoja yake inadai kwamba joto la nchi linaiyeyusha oili nyepesi ikawa maji. Lakini zisome namba kwenye galoni. Katika 5W-30, ile 30 inaeleza uzito wa oili ikipimwa kwenye nyuzi 100, yaani kwenye joto la injini inayofanya kazi. Nyuzi 100 za Mombasa ni nyuzi 100 za Sapporo. Kinachobadilika na hali ya hewa ni ile namba yenye W, inayohusu kuwasha injini ikiwa ya baridi, na hapo kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika juu. Sisemi 20W-50 ni sumu. Viko vitabu vya magari ya masoko ya nje vinavyoiruhusu kwa injini fulani, na kama kitabu cha gari lako kinairuhusu, iweke kwa amani. Nisichokubali ni kuiweka kwenye gari ambalo kitabu chake kinataka 0W-20 au 5W-30, kwa sababu tu kuna jua nje, au mbaya zaidi, kwa sababu kuna kelele ndani.

Oili nzito mno inapanda polepole asubuhi. Tensheni ya cheni inasubiri, cheni inakwaruza zaidi. Mfumo wa VVT-i, unaotegemea oili ipite kwenye vali yenye chujio la matundu madogo sana, unajibu kwa kuchelewa. Na pale ambapo metali zimeshalika, oili nzito inajaza lile pengo na kunyamazisha kule kugonga kwa wiki kadhaa. Fundi anasifiwa. Mwenye gari anasafiri kwenda Mwanza kwa raha. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku koni rodi inapotoboa bloku karibu na Shinyanga, hakuna anayekumbuka kwamba injini ilikuwa imeshasema, ikazibwa mdomo.

Hapa mjuzi mmoja atainua mkono: mbona General Motors wenyewe walitoa oili nzito kama dawa? Kweli. Aprili 2025 kampuni hiyo iliita magari zaidi ya 700,000 duniani yenye injini ya V8 ya lita 6.2, kwa sababu ya kasoro za krankishafti na koni rodi zilizoweza kuua injini. Sehemu ya tiba ilikuwa kuhama kutoka 0W-20 kwenda 0W-40. Lakini isome habari yote. Injini zilikaguliwa kwanza. Zilizofaulu ukaguzi ndizo zilizopewa oili hiyo. Zilizoshindwa zilikwenda kutengenezwa au kubadilishwa. Hakuna aliyemiminia oili nzito injini inayogonga na kumwambia mteja aende zake. Na sababu ilitajwa kuwa kasoro ya kiwandani, si jua la Texas.

Mfano huo unanipa nafasi ya kusema jambo lingine: siwatetei watengenezaji. Wanakosea, tena vibaya. Mwaka 2015 Hyundai waliita karibu Sonata 470,000 nchini Marekani kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji wa krankishafti yaliziba njia za oili na kuua metali, na mwaka 2017 Hyundai na Kia wakaita mengine zaidi ya milioni moja. Wenye magari hayo walianza kwa kulalamikia kugonga. Wangeambiwa "ni hali ya hewa", mabaki yale yangebaki ndani hadi leo. Injini zilifunguliwa, kosa likaonekana. Anayetaka kuwabana wakubwa wa viwanda anahitaji ushahidi wa aina hiyo, na hawezi kuupata wakati gari lake halina themostati, limejaa maji ya kisima na oili ambayo kitabu hakiitambui. Atakuwa amewapa njia ya kutorokea.

Kwa nini basi uongo huu umeishi? Zamani ulikuwa na mantiki. Kwenye miaka ya mwanzo ya 1980, Tanzania ilipokuwa na uhaba wa karibu kila kitu, themostati iliyokwama kwenye lori haikuwa na mbadala. Kuitoa kuliokoa safari, na injini za chuma kizito zisizo na kompyuta zilistahimili. Mafundi wa wakati ule walikuwa na akili. Kosa ni la sisi tuliorithi dharura yao na kuigeuza kanuni, wakati maduka ya leo yamejaa spea.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa wenye magari hatuna pa kujificha. Tunalipa kwa furaha kitu kinachobadilishwa, lakini hatulipi muda wa kutafuta tatizo. Fundi anayetumia saa nzima kupima mgandamizo, kuchemsha themostati kwenye sufuria na kukagua mfuniko, kisha akasema "shida ni mpira huu mdogo", anaambiwa ametuibia. Yule anayeng'oa kitu kwa dakika kumi anaonekana mtaalamu. Tumewafundisha mafundi kubahatisha, kisha tunalalamika wanabahatisha.

Najua jibu litakalokuja: "Teksi yangu imekwenda miaka mitano bila themostati." Huenda. Lakini imekwenda kwa petroli kiasi gani, imekula oili kiasi gani, na iko wapi injini yake ya kwanza? Kule kwenye mafungu ya injini za mtumba, wateja hawaji kwa matembezi. Na gari lililoweza kuvumilia kosa halijathibitisha kwamba kosa ni sahihi. Wapo watu waliovuta sigara hadi miaka tisini, na hatujaanza kuziuza kama dawa ya kifua.

Kwa hiyo, ukiambiwa "nchi yetu ya joto", usibishane kuhusu nchi. Uliza swali moja: ni kitu gani kimeharibika, na umekijuaje? Kama ni themostati, ichemshwe mbele yako. Kama ni kelele, geji ya oili inasoma ngapi? Kama ni kuchemsha, mfuniko unashika mgandamizo, feni inawaka kwa wakati, rejeta inapitisha? Fundi anayeweza kujibu mlipe vizuri, hata kama alichokuta ni mpira wa bei ya soda. Anayekujibu kwa habari za hali ya hewa, mshukuru, funga boneti, uende kwa mwingine.